Tuliisikia, hatukuiona

Nimetoka Songwe sasa hivi. Nilikwenda kumpokea dada, ndege ya asubuhi kutoka Dar.

Wingu lilikuwa limelala chini kabisa. Mngurumo ukapita juu yetu, ukaenda, ukarudi, ukapotea.

Ndege imerudi Dar.

Bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu, kabeba chupa ya chai ya kumpa mwanawe, akaniuliza, "Mwanangu, mbona haishuki?" Chupa ameipakata vilevile mpaka tunatawanyika.

Mnajua nina leseni ya rubani binafsi. Naruka nikiona nje tu. Ya kuruka kwa kusoma vyombo vya ndege tu, ndani ya wingu, sina, na nimeiahirisha mwaka mzima. Viwango vya kimataifa vinataka saa 50 za safari ukiwa rubani mkuu, na saa 40 za vyombo. Hizo 50 ninazo.

Nilipanga kwenda Johannesburg mwezi wa saba. Kipupwe cha kule anga ni jeupe, saa zinajaa haraka. Unavaa kofia ya kukuziba usione nje, basi.

Lakini kofia si wingu jamani! Mimi nitarukia huku kwetu, kwenye milima na ukungu huu.

Sasa nawaza Nairobi, uwanja wa Wilson, masika, nikutane na mawingu yenyewe nikiwa na mkufunzi pembeni.

Mliosomea Wilson, masika mliruka kweli, au radi ziliwaweka chini wiki nzima? Niambieni, nataka kulipia mwezi huu.