Hamri la daktari

Nimerudi sasa hivi. Nilimpeleka mama kupimwa presha, hapa hapa Lamu mjini.

Foleni tangu saa mbili, tumeingia saa saba kasoro.

Mezani kwa daktari pana hamri moja, limeng'atwa mara moja tu. Limekauka. Chai imeshafanya utando.

Mama akamwambia, "Mwanangu, kula kwanza."

Akacheka, akamfunga mama mkanda wa presha.

Nikakumbuka mgomo wa madaktari wa 2024, siku 56. Mkataba wa 2017 uliwapa madaktari wanagenzi shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikashikilia 70,000. Na mimi nilikuwa nikiwalaumu madaktari, wallahi.

Lile hamri halinitoki.

Mlioko Faza, Mpeketoni, Malindi, semeni: daktari wenu analipwa haki yake?