Siku Moja na Madodoso Pwani ya Jambiani

Kila ninapowaambia watu kwamba ninatafiti utalii, huniuliza nimeshalala hoteli ngapi. Sijalala hata moja. Kazi yangu ni kuwauliza wageni wanaofika Zanzibar wanatumia kiasi gani cha fedha nje ya lango la hoteli, na kwa nini baadhi yao hawatoki kabisa. Kazi hiyo huanza saa kumi na nusu alfajiri, nyumbani Ng'ambo, kwa kuhesabu madodoso: ishirini ya Kiingereza, kumi ya Kitaliano na kumi ya Kipolandi.

Saa kumi na mbili nimo ndani ya daladala ya Jambiani, mkoba mapajani. Saa mbili kasorobo nimeshapiga hodi kwa sheha na kumwonyesha kibali cha utafiti.

Kuanzia saa mbili hadi saa nne na robo nilikaa kwenye benchi la mlinzi katika hoteli ambayo sitaitaja. "Dada yangu, meneja yumo kikaoni," aliniambia mlinzi mara tatu, na mara ya tatu alinitazama kwa huruma. Hatimaye lilikuja jibu kwamba wageni wasisumbuliwe. Nilivua viatu nikashuka pwani, ambako kila mtu anapita.

Hapo bahati ilinigeukia, kwa sababu zilikuwa siku za bamvua. Maji yanapokupwa asubuhi, bahari hurudi nyuma hadi karibu na mwamba, na mgeni aliyekuja kuogelea hubaki akitazama mchanga na vigingi vya mwani. Mtu wa namna hiyo hukubali dodoso. Ninahitaji 384, idadi ya watu wa kuhojiwa inayopatikana kwa kanuni ya takwimu ya Cochran unapotaka uhakika wa asilimia 95 na ukingo wa kosa wa asilimia 5, na asubuhi hiyo nilikuwa nimefikisha 291.

Kikwazo cha kwanza ni kwamba wageni hunidhania papasi. Jina hilo ni la kupe, nasi tumewapa vijana wanaomganda mtalii njia nzima. Mimi mwenye kitambulisho kifuani na karatasi mkononi nafanana nao kabisa. Wanne walinikatalia kabla sijamaliza salamu. Wa tano walikuwa mume na mke kutoka Poland, wamekaa chini ya mwavuli wa makuti pamoja na mwongoza watalii wao, na hao ndio walionila saa nzima.

Mwongozaji alianza kuwajibia. Swali la usafi wa ufukwe, akasema tano, alama ya juu kabisa. Swali la usalama, tano. Nilipomwomba kwa heshima, "Kaka, naomba wajibu wenyewe," alisema ananisaidia, akasogea hatua mbili na kuendelea kuchungulia, na mke akazungushia tano mpaka mwisho wa ukurasa bila kusoma. Dodoso kama hilo halinifai, maana haliniambii alichofikiri mgeni bali ni nani aliyesimama nyuma yake. Nilimpa jipya na kumsubiri mwongozaji apokee simu.

Mume alijaza polepole, kwa mwandiko mzuri, hadi swali la 14: katika siku mbili zilizopita umetumia kiasi gani nje ya hoteli? Akaandika 0. Nilimtazama. Kiunoni alikuwa na kikoi cha bluu ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani, mkononi bangili ya shanga, na miguuni pake madafu mawili yaliyokwisha kunywewa. Nilimsomea swali tena, akanihakikishia kwamba kila kitu kilikwisha kulipiwa nyumbani kabla ya safari. Nikauliza kuhusu kikoi. Alicheka na kusema kwamba hicho si kitu. Mkewe ndiye aliyehesabu kwa vidole: kikoi shilingi 35,000, bangili 10,000, madafu 6,000. Jumla 51,000, na bado mume alikataa kuifuta sifuri yake, akisema kwamba matumizi ni hoteli na ndege.

Nilikasirika, kisha nikawaza kwamba kosa ni la swali langu. Tangu mwanzo wa utafiti nimekuwa nikitafuta fedha ambazo kwa anayezitoa hazistahili hata kukumbukwa, na sijui katika yale 291 nina sifuri ngapi zilizovaa kikoi.

Baada ya hapo saa zilinichanganyikia. Jua lilikuwa kali, maji yakarudi, wageni wakaingia baharini, nami nikapata madodoso sita tu, mawili yakiwa na mchanga na mafuta ya kujipaka. Adhuhuri au baadaye kidogo nilipanda kijijini kumhoji bibi mmoja aliyekuwa akianika mwani uani kwake. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Katika vitabu tunafundishwa ngazi ya Doxey ya mwaka 1975, kwamba wenyeji huanza kwa kuwafurahia watalii, kisha huwazoea, huwaona kero, na mwishowe huwachukia. Bibi huyu hakuwa na neno na watalii.

"Wao hupita tu, mwanangu," alisema. "Nyinyi wa makaratasi ndio mnaorudi. Wenzako walikuja, wakaniuliza haya haya. Majibu yangu wameyapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimsaidia kutandaza mwani uliobaki, kisha nikauliza maswali matano badala ya kumi na tisa.

Nilifika nyumbani baada ya magharibi. Niliingiza data kwenye kompyuta huku nikitupia jicho uniti za umeme, na nilipofika kwa yule bwana wa kikoi nilisita kwa muda. Nikaandika 0, kwa kuwa ndivyo alivyojibu. Kwenye safu ya maelezo nikaongeza: kikoi, bangili, madafu mawili, mke amehesabu 51,000, swali la 14 liandikwe upya.