Baba Krismasi wa Taulo Jeupe

Nilichaguliwa kuwa Baba Krismasi kwa sababu moja tu: katika kikao cha wazazi wa chekechea alikokuwa akisoma binti yangu, huko Kimara, Dar es Salaam, mwenye kitambi nilikuwa peke yangu. Mwalimu alizungusha macho darasani, akayatua kwangu, na wenzangu wakapiga makofi kabla sijafungua mdomo. Ilikuwa Novemba 2019, mwaka ambao mvua za vuli zilinyesha kama zinadai deni. Sherehe ya kufunga shule ilipangwa Ijumaa ya tarehe 6 Desemba. Zawadi wangenunua wao. Vazi, nijitafutie.

Nikaingia Instagram. Hata dakika haikupita nikakuta duka moja la nguo za sherehe limeweka picha: mzungu mnene, mashavu mekundu, suti ya mahameli yenye manyoya meupe, mkanda mpana, kofia, ndevu hadi kifuani. Chini yake: "Bei inboksi." Sijawahi kuelewa kwa nini bei ya kitu kinachouzwa hadharani ifichwe kama majibu ya vipimo vya damu. Nikaenda huko inboksi. Elfu arobaini na tano, na mzigo ukishalipiwa haurudishwi. Nikauliza saizi. "Fri saizi kaka, inamkaa yeyote." Nikatuma pesa kwa simu, na elfu tano ya bodaboda juu yake.

Mzigo ulifika jioni ya mvua, umefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nikavuta suruali, ilipofika magotini ikagoma. Koti lilinifunika kifua, kitambi kikabaki nje kushuhudia. Mke wangu akageuza kola akasoma lebo: miaka 8 hadi 10. Binti yangu, aliyekuwa na mitano, akauliza kwa heshima zote, "Baba, hiyo si yangu?" Nikawaandikia wenye duka. Ujumbe ulisomwa, kimya. Asubuhi nikakuta nimeblokiwa.

Jumamosi nikapanda mwendokasi hadi Msimbazi, nikaingia Kariakoo kwa miguu. Mtaa wa Kongo mwisho wa mwaka haupitiwi, unasukumwa. Machinga walikuwa wameshatandika hadi katikati ya njia, na kofia nyekundu zenye kishungi cheupe zilining'inia kila mahali, hata juu ya mafungu ya soksi. Kofia kibao, suti hakuna. Duka moja tu lilikuwa nayo ya mtu mzima: laki na ishirini. Muuzaji hakuona haya. "Bei ya sikukuu, bosi." Nikatoka nimenuna, nikakatisha vichochoro hadi Mtaa wa Sikukuu (ndilo jina lake, sijatunga mimi), na kwenye baraza moja nikamkuta mzee wa kofia ya viua na cherehani ya miguu, kijana wake pembeni akipiga pasi ya mkaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tunashona nini?"

Nikampa simu aone picha. Akaisogeza mbali, akairudisha karibu. "Huyu nani?"

"Baba Krismasi."

"Hilo najua, namwona kila mwaka kwenye makopo ya biskuti. Nauliza ni mtu gani."

Nikamweleza ninachokijua: asili yake ni askofu, Nikolao wa Myra, mji uliokuwa huko ambako leo ni Uturuki, karne ya 4, aliyesifika kwa kuwapa maskini kwa siri. Tena sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, siku ileile ya shughuli yetu.

"Na alivaa hivi?"

"Hapana. Hivi alivikwa baadaye, na watu wa nchi za theluji."

Mzee akanirudishia simu. "Basi walimvika kwa hali ya hewa yao. Sisi tumvike kwa yetu. Mahameli utazimia nayo mbele ya watoto."

Akanituma duka la pili nikanunue tetroni nyekundu, mita nne na nusu, kisha taulo moja jeupe, kubwa. Niliporudi akanipima. Shingo aliinong'ona, mabega akayanong'ona, lakini alipoufikisha utepe kitamboni akaita namba kwa sauti kama anayenadi samaki: "Arubaini na nne!" Kijana wa pasi akainamisha uso.

Lile taulo alilikata vipande vya upana wa vidole vinne, akapinda kingo, akavishonea kwenye mikono, upindo na kola. Kila mkasi ulipopita, vinyuzi vyeupe viliruka vikamnasa kwenye ndevu. Alipofika kwenye kola, Baba Krismasi wa kweli pale barazani alikuwa yeye. Sikumwambia. Ufundi, elfu kumi na tano.

Mkanda nilikatiwa na fundi pancha, mpira wa tyubu. Bizimu nikalitengeneza kwa boksi na karatasi ya dhahabu ya chokoleti. Miguuni nilivaa gambuti zangu za mvua. Ndevu nilichukua zile za Instagram, maana ndevu hazina saizi.

Siku yenyewe mvua ilikata, likatoka jua la kuchoma. Taulo lilikunywa jasho hadi mikono ikawa mizito. Watoto wakaja mmoja mmoja, daftari na pipi. Binti yangu alipofika hakuniangalia usoni, aliangalia gambuti, zenye doa la rangi ya geti letu. Akapokea daftari lake. "Asante baba," akasema, akasita kidogo, akaongeza, "Krismasi."

Mwaka uliofuata, Desemba, nilipita Mtaa wa Sikukuu kwa shughuli nyingine. Mzee hakuwepo, kijana ndiye aliyekalia cherehani. Juu yake, kwenye kamba, yalining'inia makoti matano mekundu yenye upindo wa taulo. Hakunikumbuka. Nikamuuliza ana saizi gani.

"Zote arubaini na nne, kaka," akasema. "Fri saizi."