Reli ya Choshi, kilomita 6.4 tu

Nimeshuka sasa hivi Tokawa, mwisho wa reli ya Choshi, mkoa wa Chiba, Japani. Acha niandike moyo ukiwa bado umejaa.

Hii ni reli ya kampuni binafsi. Ya kwanza ilifunguliwa 1913, ikafa 1917, na reli zenyewe zikang'olewa zikauzwa: vita vilikuwa vimepandisha bei ya chuma.

1923 ikajengwa upya.

Mwaka 2006 kampuni ilikosa hata hela ya kukarabati treni. Ikawaomba watu mtandaoni wanunue senbei zake, zile biskuti za mchele.

Oda zikamiminika! Mpaka leo chakula kinaiingizia hela kuliko nauli.

Nimenunua yangu kituo cha Inubo. Si kavu kama senbei nyingine. Laini, inavutika, imelowa mchuzi wa soya mpaka vidole vinanata. Mji wenyewe ni wa soya; pale kituo cha Nakanocho kiwanda cha mchuzi huo kimepakana na reli, harufu inaingia hadi ndani ya behewa.

Halafu mashamba ya kabichi, dirisha zima.

Nimeipenda mno reli hii.

Jamani, kwenu kuna reli gani mngeinunulia vitafunio ili isife?