Tunapiga Wawili, Besi Hatuna, na Watu Wanacheza

Watakaokwambia bendi ya watu wawili haiwezekani ni wengi, na karibu wote waliwahi kupiga besi. Mpiga besi wetu alipopata kazi Dodoma na kuhama, tulibaki mimi na gitaa langu pamoja na dada mmoja wa dramu, na harusi ya Mbagala tumeshaila advansi yake. Mzee mmoja aliyepiga dansi tangu ujana wake akaniita pembeni. "Mwanangu, solo wanaisikia masikioni, besi wanaisikia kiunoni. Hao watu utawachezesha na nini?" Nikamwambia, "Mzee wangu, tutaona." Sikuwa na jibu jingine.

Ushauri ulikuja kwa wingi. Kijana mmoja wa studio akasema tusihangaike: rekodi besi, weka kwenye simu, chomeka simu kwenye mikisa, basi. Mazoezini ilikwenda safi. Dada alivaa hedifoni akafuata mlio wa kuhesabu, na nyimbo zikaisha pamoja kama tulivyopanga. Lakini harusi ya uswahilini nani aliwahi kuipanga? Tumefika kwenye wimbo wa kumtunza bi harusi, shangazi zake wako foleni mpaka mlangoni, kila mmoja kavunja pesa yake noti ndogondogo ili akae mbele muda mrefu, MC anapaza sauti "Mama mdogo bado! Mama mdogo bado!", na besi ya kwenye simu inajua dakika 4 tu. Ikakata. Ingefifia ningesema afadhali, lakini ilikata pu! Viuno vikasita. Shangazi mmoja mkono ukabaki hewani na noti yake. Nikamkonyeza dada aendelee, akaendelea, nami nikarudia sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea, kwenye nyuzi nyembamba, tukasikika kama redio ya mbao inayoishiwa betri. Kumbe simu nayo haijamaliza: ikaanza wimbo unaofuata yenyewe, kii nyingine, yaani kimo kingine cha sauti, na mwendo mwingine. Na katikati ya vurugu hiyo ikaingia meseji ya muamala, mlio wake ukapita kwenye spika za inchi 15, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bwana harusi akauliza kwa sauti kama ndiyo malipo yetu yameingia.

Tangu siku hiyo simu inakaa mfukoni. Besi ya watu wawili lazima itoke mkononi au mguuni, ili shangazi wakiongezeka nayo iongezeke.

Wazee wa Katanga, kule Kongo, waliliweza jambo hili zamani. Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alimkuta mtu mmoja na gitaa kavu moja: gumba linatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinaimba juu. Magharibi mwa Kenya kina George Mukabi walipiga omutibo, muziki wa gitaa wa huko, kwa mtindo wa jirani na huo, mdundo ukitoka kwenye chupa ya Fanta inayokwaruzwa. Kwa hesabu yao sisi wawili tulikuwa bendi kubwa. Nikatupa pleki nikaanza kulifundisha gumba upya, na jirani zangu wana ushahidi.

Tatizo ni kwamba ukumbini gumba peke yake halifiki kiunoni. Uzi mnene wa gitaa ukiupiga wazi, bila kuubana, unatikisika mara 82 hivi kwa sekunde, na ule wa besi mara 41, oktava nzima chini. Kuna aliyenishauri nifunge uzi wa besi kwenye gitaa. Hauingii kwenye tundu la kigingi, na hata ukiulazimisha, shingo ya gitaa ni fupi kwake, unalegea na kugongagonga tu. Dawa ni pedali ya oktava, kiboksi cha kukanyaga kwa mguu kinachoshusha sauti ya gitaa oktava moja. Yangu niliipata Kariakoo, imetumika, laki na ushee, ingawa nilitoa na redio ya gari juu yake kwa hiyo bei kamili sijui niseme ngapi. Na anayebisha kwamba gitaa haliwezi kusikika kama besi nampeleka Detroit, kwa The White Stripes. Walikuwa wawili, Jack White kwenye gitaa na Meg White kwenye dramu. Ule mstari mzito wa wimbo wao wa 2003, "Seven Nation Army", ambao mashabiki wa mpira wanauimba viwanjani hadi leo, ni gitaa lililoshushwa oktava kwa pedali.

Sasa sikia ujanja wenyewe, maana wauzaji hawakwambii. Pedali za zamani kama yangu zinafuata noti moja tu. Ukiipa kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, inagugumia. Kwa hiyo ninapoimba beti, napiga mstari wa besi mtupu, noti mojamoja, pedali imewashwa, na sauti yangu ndiyo inabeba wimbo. Sebene ikiingia nazima pedali, napanda juu, uzi mnene nauacha wazi gumba linaugusa kila unapokuja mwanzo wa hesabu. Hapo ndipo dada anashuka. Ameilegeza ile tomu, ngoma kubwa ya chini, mpaka inanguruma, na anaigonga palepale ambapo besi ingejibu. Msikilizaji hagundui kwamba mzigo umehama kutoka mguuni kwangu kwenda mkononi kwake. Ndiyo maana karibu kila wimbo wetu uko kwenye kii ya E au A, ambazo ndizo sauti za nyuzi mbili nene zikiwa wazi. Wimbo ukiwa kwenye F tunaushusha. Mwimbaji akilalamika, mwimbaji ni mimi.

Pedali yako ikiwa na matundu mawili ya kutokea umebahatika: sauti kavu, ile isiyoshushwa, ipeleke kwenye ampu ya gitaa, oktava kwenye spika kubwa za ukumbi. Oktava usiipeleke kwenye kiampu cha spika ya inchi 8, utapata vumbi na mtetemo bila besi. Ampu na mikisa zilipokutana zikaanza kuvuma, na fundi mmoja akaja na plaisi tayari kukata mguu wa ethi, ule wa kinga unaopeleka umeme ardhini, kwenye plagi. Mvumo utaisha kweli, ila nawe unaweza kuisha, mkono kwenye nyuzi na midomo kwenye maikrofoni. Nilimrudishia plaisi yake nikachomeka vyote kwenye ekstensheni moja, soketi moja. Mvumo ulipungua vya kutosha.

Faida nyingine sikuitegemea. Bendi nzima na vyombo vyake inaenea kwenye Bajaji moja, dramu kubwa ikiwa mapajani kwa dada. Mgao ni wa watu wawili. Tumerudi Mbagala zaidi ya mara moja, na yule mzee alikuja akakaa meza ya nyuma akitingisha mguu, akidhani simwoni.

Zipo nyimbo za dansi ambazo besi ndiyo inayoimba na magitaa yanaitikia. Hizo tumeziacha. Kamati ikizitaka tunaipa orodha ya nyingine, na bei haipungui.