Mkataba wa 1994 unaomzuia Captain America kuingia Disney ya Florida

Wengi hudhani kwamba Disney, kwa kuwa ndiyo inayomiliki Marvel, kampuni ya mashujaa wa katuni kama Captain America na Iron Man, inaweza kuwaweka mashujaa hao katika bustani yake yoyote ya burudani. Haiwezi. Mjini Orlando, Florida, mashujaa hao wanaishi kwa mshindani wake mkubwa, Universal, kwa nguvu ya mkataba uliotiwa saini tarehe 22 Machi 1994, miaka 15 kabla Disney haijainunua Marvel. Nakala yake iko hadharani, kwa kuwa iliwasilishwa kwa mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa. Kila mpenzi wa bustani hizi za burudani angepaswa kuisoma. Maswali ambayo watu huyabishania usiku kucha yamejibiwa humo kwa aya mbili tatu.

Tuanze na hali ya wakati ule. Universal ilikuwa chini ya kampuni mama iliyoitwa MCA, na ndiyo maana mkataba unaitaja MCA badala ya Universal. Marvel nayo haikuwa kampuni ya filamu za mabilioni. Ilitegemea vitabu vya katuni, kadi na vinyago, na Desemba 1996 ikaomba kinga ya mahakama kwa sababu ya kufilisika. Kampuni iliyo katika hali hiyo, ikipata mtu wa kuilipa ada kila mwaka na kuijengea eneo zima lenye jina lake, haiwezi kulaumiwa kwa kukubali. Wanaosema leo kwamba Marvel ilijiuza kwa bei ya bure wanaupima mkataba wa 1994 kwa macho ya mtu aliyekwisha kuona filamu za 2012.

Islands of Adventure ilifunguliwa tarehe 28 Mei 1999 ikiwa na kisiwa cha Marvel ndani yake. Mnara wa Doctor Doom uliwarusha watu juu na kuwashusha, Spider-Man alikuwa na mchezo wa magari yanayopita mbele ya skrini kubwa, na rolakosta ya Hulk, yaani treni ya kasi ya kuchezea juu ya reli, iliondoka kwa kishindo: kutoka mwendo mdogo hadi takriban kilomita 64 kwa saa ndani ya sekunde 2, ikipanda mlima badala ya kushuka, kisha kupinduka mara 7.

Tarehe 31 Agosti 2009 Disney ikatangaza kuinunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4. Anayenunua nyumba yenye mpangaji mwenye mkataba halali hawezi kumfukuza kwa sababu tu hati imebadilika jina, na ndivyo ilivyokuwa hapa. Tena mpangaji huyu hana mwaka wa kuhama. Maadamu Universal inaliendesha eneo lile na kutimiza masharti, haki zake zinaendelea.

Sasa tuingie kwenye kiini chenyewe: utajuaje kama mhusika fulani wa Marvel anaruhusiwa katika bustani ya Disney?

Jambo la kwanza kuuliza ni bustani iko upande gani wa Mto Mississippi. Mkataba umeigawa Marekani kwa mto huo. Upande wa mashariki, ambako Florida ipo, bustani nyingine yoyote inaruhusiwa kutumia tu wahusika ambao Universal haiwatumii siku leseni hiyo nyingine inapotolewa. Upande wa magharibi, ambako California ipo, wahusika wote wako huru, hata wale ambao Universal inawatumia. Ndiyo maana Spider-Man yupo Universal Orlando na wakati huohuo yupo Disney California Adventure, katika eneo la Avengers Campus lililofunguliwa tarehe 4 Juni 2021, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Kwa bustani ya mashariki, swali linalofuata ni kama mhusika "anatumika", na hapa mkataba umeandikwa kwa ustadi mkubwa. Haumtazami mhusika mmoja mmoja. Unatazama familia nzima. Akitumika mmoja wa Fantastic Four, wote wanahesabiwa wanatumika. Akitumika mmoja wa Avengers, kundi zima limefungwa. Akitumika shujaa, maadui wake wanakwenda naye. Kutumika maana yake ni kuwa sehemu ya maana ya mchezo, ya duka au ya mgahawa, au kutembea bustanini kama mhusika aliyevaa mavazi yake. Kisha kuna sharti la pili linalosahaulika sana: mhusika huyo au ndugu yake wa familia lazima awe ameonekana katika matangazo ya Universal ndani ya mwaka uliotangulia. Na kwa yule anayetumika kwa mavazi peke yake, haitoshi aonekane pembeni ya tangazo, lazima awe na nafasi ya maana ndani yake.

Ukilielewa sharti hilo la matangazo, utaelewa kwa nini Universal haiachi kuwaonyesha mashujaa wale hata inapokuwa na kivutio kipya kabisa cha kutangaza. Utaelewa pia kwa nini ilifumua reli ya Hulk na kuweka nyingine yenye umbo lilelile, kazi iliyoanza Septemba 2015 na kwisha Agosti 2016, na kwa nini picha za mchezo wa Spider-Man zilitengenezwa upya mwaka 2012. Kuachia uchakavu kungeiharibia Universal biashara, na kuacha kutumia kungemfungulia mshindani mlango.

Wanaoteleza sana hapa ni wale wanaochanganya haki za filamu na haki za bustani. Kwa miaka mingi X-Men, kundi jingine la Marvel, kwenye sinema walikuwa mikononi mwa studio ya Fox, hadi Disney ilipokamilisha kuinunua Machi 2019. Watu wakashangilia kwamba Wolverine, mmoja wa X-Men, sasa atahamia Disney World, bustani za Disney kule Orlando. Ununuzi ule haukugusa chochote kule Orlando. Storm, naye wa X-Men, alikuwa na mchezo wake Universal tangu mwaka 2000, na familia yake ilikuwa imefungwa pamoja naye.

Disney ilipitia wapi, basi? Ilitafuta familia ambayo Universal haijaigusa, ikawapata Guardians of the Galaxy, kundi jingine la mashujaa wa Marvel. Tarehe 27 Mei 2022 ikafungua Cosmic Rewind katika EPCOT, mojawapo ya bustani za Disney World, rolakosta ya ndani inayowarusha abiria kinyumenyume. Kwa maoni yangu huo ni usomaji bora wa mkataba kuliko wote uliofanywa na upande wowote: badala ya kugombana mahakamani, ilichukua kilichobaki mezani na kukijengea kivutio kikubwa. Lakini Captain America, kwa kuwa ni wa Avengers, hawezi kupiga picha na wageni pale nje, hata kama kwenye filamu hao wote wamepigana bega kwa bega.

Kuna pingu nyingine inayofika hadi California: jina. Leseni za magharibi hazina ruhusa ya kutumia neno "Marvel" katika jina la kivutio au katika matangazo yake. Soma mabango ya huko uone: Avengers Campus, Web Slingers, Mission: Breakout. Kisha ilinganishe na Paris, ambako Disney ina hoteli iliyobeba jina hilo wazi, The Art of Marvel, tangu Juni 2021. Ulaya mkataba ule haubani hivyo.

Universal nayo haiko huru. Michoro na miundo hupita kwa Marvel kuidhinishwa, na leo Marvel ni Disney. Ndiyo maana kisiwa kile kimebaki na rangi kali za vitabu vya katuni vya miaka ya 1990, huku wageni wakiuliza mbona nyuso za waigizaji wa filamu hazionekani. Ada nazo huishia kwa Disney. Kila fulana ya Hulk inayouzwa Universal inamwingizia mshindani kitu.

Japani hali imebadilika. Universal ya Osaka ilikuwa na mchezo wake wa Spider-Man kuanzia Januari 2004, ukafungwa tarehe 22 Januari 2024.

Kwa wasomaji walioko Ghuba, mistari hiyo ya Mississippi haiwahusu. IMG Worlds of Adventure ya Dubai ilifunguliwa mwaka 2016 ikiwa na eneo la Marvel lenye Avengers, kwa leseni yake yenyewe. Batman na Superman, ambao si wa Marvel, wako Abu Dhabi, katika Warner Bros. World ya Kisiwa cha Yas, iliyofunguliwa Julai 2018 na kampuni ya Miral. Mei 2025 Disney ikatangaza kwamba Miral hiyohiyo itaijengea bustani kisiwani humohumo: Miral itagharimia, itajenga na kuendesha, Disney italeta ubunifu na kupokea mrabaha. Michoro ya bustani hiyo ikitoka, tafuta kwanza kama Avengers wamo.