Jinsi nilivyozuia kichujio kumeza barua za wateja

Ofisi yetu ya uwakala wa mizigo hapa Kampala ilikuwa ikipoteza barua pepe kutoka Mombasa: ankara na hati za meli hazifiki, na mtumaji hapewi taarifa yoyote. Kichujio cha zamani cha barua taka kilifuta kimyakimya kila kilichokitilia shaka. Kwangu hilo ni baya kuliko kupitisha barua taka mia.

Nikaweka SpamAssassin, programu ya kutambua barua taka. Yenyewe haifuti, huipa barua alama, na zikifika 5 huitia lebo tu. Zenye lebo nikazielekeza kwenye folda ya pembeni, karani anaipitia kila asubuhi. Kisha nikaifundisha kwa barua taka 200 na halali 200, maana chini ya hapo kipengele chake cha Bayes, kinachojifunza kutokana na mifano ya barua, hakitoi alama. Sasa ankara zinaingia moja kwa moja.